Mjumbe na Sahani ya Sambusa

Chumba chetu cha biashara hapa ugenini Sydenham kina mlango mmoja na soketi moja. Mimi nashona, shoga yangu, Mkongo wa Uvira, anasuka nywele. Siku alipotundika kibendera cha Israeli juu ya kioo chake, maana kanisani kwao wanaiombea, nami nikatandika skafu ya Kipalestina juu ya cherehani. Tukaishi hivyo kwa vijembe vidogo vidogo, mpaka runinga ilipoonyesha wajumbe wa amani wakitoka hoteli hii kwenda ile, tukagombana nani kakataa kusaini.

Sitarudia niliyosema. Mdomo wangu hauna breki. Yeye alichukua chaki yangu, chaki yangu mimi ya kuchorea vitambaa, akapiga mstari sakafuni.

"Hapa ni frontière," akasema. "Weye kule, miye huku."

Mlango ukabaki kwangu, soketi kwake. Wateja wake wakawa wanaomba ruhusa kupita, na mimi nikawa nazungusha gurudumu la cherehani ya umeme kwa mkono, hasira zikinipanda kila pindo. Mwenye nyumba akaja, akautazama ule mstari, akasema tusipopatana kabla ya mwisho wa mwezi chumba anampa mwingine. Niliogopa. Chumba kingine ningepata, lakini nani angenichekesha asubuhi nzima kwa habari za mchungaji wake?

Kwenda kuomba radhi mwenyewe, thubutu! Akajitolea Mkenya anayetengeneza simu chumba cha pili. Akasema mazungumzo yatafanyika kwake, mmoja mmoja, ili asionekane ana upande. Sasa, mimi nilikuwa na sahani ya shoga yangu tangu kabla ya vita, na kwetu Tanga sahani ya jirani hairudi tupu hata kama mmenuniana. Nikaijaza sambusa, nikaifunika kawa, nikampelekea mjumbe aifikishe.

Ikarudi kwa njia ileile na mkia wa makayabu, yule samaki wao wa chumvi. Mkia mtupu! Nikaijaza tena, nimwaibishe. Ukarudi mkia mwingine. Na kila jioni mjumbe alinipa taarifa ileile.

"Kuna hatua, dada. Lakini ni polepole."

Mwisho shoga yangu akalipuka kutoka ng'ambo ya mstari.

"Mama, unanitumiaka sambusa mbili! Miye ni mtoto?"

"Mbili? Najaza mpaka kawa halikai! Na wewe mikia ya samaki?"

"Mikia? Natiaka samaki muzima!"

Tukageukia mlango. Mjumbe alikuwa amesimama pale, amekuja na taarifa yake, mchuzi wa makayabu umemtiririka kwenye shati.

"Mazungumzo yamefika pazuri," akasema.

Tulicheka mpaka shoga yangu akaja kuishika cherehani yangu asianguke, na mstari ukafutika chini ya kandambili zake. Nikamwomba radhi palepale. Kibendera chake kipo, skafu yangu ipo, na chumba tunacho.

Jioni ile wajumbe walitokea tena kwenye runinga, wamejipanga mbele ya meza ndefu, wakitangaza kwamba kuna hatua. Roho iliniuma, maana kwa watu wa kule si kichekesho. Shoga yangu, ambaye mama yake bado yuko Uvira anasubiri wajumbe wa vita vyao, akasogea karibu na runinga.

"Angalia mashati yabo," akasema.