Ni Baridi Tu

Daktari aliposukuma fomu ya kukubali upasuaji mezani, nilijua imeandikwa nini hata kabla sijaisoma. Titi langu la kushoto lingekatwa lote. Kwa miezi saba lilikuwa limevimba, likapasuka, likatoa usaha, likafunga, likapasuka tena, na antibayotiki nilizomeza zingejaza ndoo. Kipande walichopeleka maabara kilirudi na jibu kwamba si saratani wala kifua kikuu. Basi ni nini? Hakuna aliyejua, na mimi nilikuwa nimechoka kunuka ndani ya nguo zangu.

Kila nilipoenda kliniki pale Thika niliulizwa kama nina ugonjwa mwingine. Nilijibu hapana, tena kwa ukali, maana sipendi kuulizwa jambo mara mbili. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini mimi sikuficha kitu. Vidole viliuma, ndiyo. Nilikuwa nimefanya kazi miaka mingi kwenye chumba baridi cha shamba la maua, nikifunga mashada, na wengi tuliotoka mle tunaumwa vidole. Sisi tunaiita baridi. Nani huenda kwa daktari kushtaki baridi?

Nikachukua kalamu. Ikaniponyoka. Nikaiokota, ikaniponyoka tena.

"Mikono iko na shida gani?" daktari akauliza.

"Ni baridi tu, daktari."

"Baridi gani ya mwaka mzima?" mume wangu, aliyeketi kando yangu, akadakia. "Daktari, asubuhi mimi ndio humfungia vifungo. Mpaka saa nne ndio vidole vinakunjuka."

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Kwa nini aniaibishe? Lakini daktari alikuwa ameshavuta mikono yangu, anabonyeza kiungo kimoja kimoja, na ile fomu ameisogeza kando.

"Kinga ya mwili inaweza kukosea, ikashambulia viungo," alisema. "Mara nyingine hata titi. Sijui bado kama ni hivyo kwako, lakini leo sikati."

Nilipimwa damu, nikapelekwa kwa daktari wa viungo, nikaanzishiwa vidonge vya kutuliza kinga hiyo. Wiki zilipita nikiogopa kufungua bandeji.

Asubuhi moja nyumbani kwetu, mtaa wa Kimbo, mume wangu alikuja kama kawaida, mikono mbele. Kidonda kilikuwa kimefunga. Nilifunga blauzi mwenyewe, kifungo kwa kifungo, juu ya matiti mawili, naye akasimama pale mikono ikiwa hewani, analia.

"Pole kwa ule mguu," nikamwambia.