Sikuugusa Mpira wa Yaya

Leo nimeacha mpira unipite mpaka golini, na nilijua ninachofanya.

Mimi ni golikipa wa Kabambare, lakini kwetu ni Kasongo. Kampuni ya pamba ndiyo iliyonileta huku.

Leo Kasongo wamekuja na kamio, lori lao, kucheza nasi. Bila bila, mechi karibu kuisha, mpira ukatoka kandoni. Nani anaurusha? Yaya Saidi, kaka yangu wa tumbo moja, mpiga kasia wa mto Lualaba. Mikono yake muniulize mimi!

Mpira ukaja moja kwa moja, hakuna aliyeugusa.

Sheria iko wazi: mpira wa kurushwa ukiingia hivyo, si goli. Nikiugusa hata kwa ukucha ukaingia, ni goli.

Nikarudisha mikono nyuma, mpira ukaingia.

Weee! Kasongo wakaruka. Wenzangu wa Kabambare wakanipigia kelele: "Mutu wa Kasongo huyu! Amewapa ndugu zake!"

Padri mwenye filimbi akakataa goli. Tukamaliza bila bila.

Mnadhani waliniomba radhi?

Baada ya mechi huwa tunakula bugali sahani moja. Nilipofika, hakuna aliyesogea kunipa nafasi.

Basi nikakimbilia kamio. Yaya alikuwa juu tayari, anatazama kwingine.

"Ungeugusa tu kidogo, mutoto wa mama."

Kamio ikaondoka.

Sasa nimejipikia bugali. Sahani nzima, na mkono uliomo ni wangu tu.

Semeni jamaa, ninyi mungeugusa?