Amahoro Iliyofichwa

Jirani yangu wa sokoni Kasulu, anayeuza dagaa kwenye meza iliyo karibu na yangu ya maharage, aliniuliza asubuhi moja huku akipanga mafungu yake: "Mama hajambo?"

Nilitaka kumrushia sado ya kupimia maharage. Mama yangu alikuwa chini ya udongo Kagerankanda, shambani kwake, tangu masika. Msiba nilikuwa nimeutangaza, na soko zima hakuna aliyenipa hata pole ya mdomo. Niliporudi kutoka kuzika niliwakuta wanacheka kama kawaida, nikasema moyoni: sawa, kumbe kwenu sisi tuliotoka Burundi bado ni wakimbizi. Uraia tunao, kura tunapiga, lakini msiba wetu hauwahusu. Nikawanunia. Wao wakadhani nimeota kiburi.

"Mama alishafariki," nikamwambia. "Na usijifanye hukuona. Nilitangaza kijiweni."

Akashika mdomo. "Haki ya Mungu, sijaona kitu!" Akatoa simu kwenye mfuko wa aproni, akanipa nitafute mwenyewe.

Kijiwe hicho si cha kahawa. Ni mtandao wa simu ambao vijana wetu waliuanzisha walipochoka na mitandao ya wakubwa wa mbali. Kasulu ina kijiwe chake, Kibondo chake, na kambini Nyarugusu wana chao. Kila kijiwe kina msimamizi na sheria zake, lakini vimeunganishwa: ukiandika huku, unasomwa kule. Hakuna bosi wa wote. Mtumiaji ndiye anayechagua aone nini, ndivyo tulivyoahidiwa. Msimamizi wa Kasulu alikuwa rafiki yangu wa kufa na kuzikana. Siku aliponifungulia akaunti alikuwa amekaa jikoni kwangu, anakula ugali wa muhogo aliousonga mama, na mama akimwita binti yake.

Katika simu ya jirani, tangazo langu halikuwepo. Katika yangu lilikuwepo. Nikamwachia meza yangu, nikachukua simu zote mbili, nikaenda kwa rafiki yangu.

Ana kibanda cha kutoa kopi karibu na stendi. Ukisimama mlangoni unaliona benchi la abiria lote. Nikamwonyesha zile simu mbili. Wala hakushtuka.

"Aa, hiyo," akasema. "Watu walilalamika kijiwe kimejaa Kirundi, hawaelewi. Nikaweka maneno fulani, posti ikiwa nayo inajificha. Sijafuta kitu, dada! Anayetaka kuona anaingia kwenye mipangilio, anafungua. Kila mtu ana hiari yake."

Hiari! Hiari ya kuchagua kitu ambacho hujaambiwa kipo. Na moja ya hayo maneno ilikuwa amahoro. Mimi kila ninachoandika naanza na amahoro, hata kama yote yanayofuata ni Kiswahili, kwa sababu ndivyo mama alivyotulea: humwambii mtu lolote kabla hujamtakia amani. Kiha cha wenyeji, pacha wa Kirundi, kilipita bila shida. Nenda sasa ukakitenganishe Kiha na Kirundi, kama hutafuti tu kujua nani alizaliwa na nani.

"Nifungulie ya kwangu," nikamwambia.

Akagusa mara chache, akanirudishia simu. Ndipo zikaanza kushuka. Pole za Kibondo, pole za Nyarugusu, nyingi. Kule kwao hawakuficha neno, tangazo langu walilisoma siku ileile, wakanijibu kwa Kirundi, na Kasulu ikayaficha majibu yao hata kwangu mimi mfiwa.

Katikati ya pole hizo alikuwepo mama mdogo. Sisemi mdogo wa mama wa tumbo moja. Ni mwanamke aliyevuka mpaka pamoja na mama, mmoja amebeba sufuria, mwingine amenibeba mimi. Yeye alibaki Kibondo. Laini yake ilishafungwa, tulikuwa tunapatana kwa simu ya mjukuu wake, kijiweni tu. Mama akiumwa alinisihi jambo moja: huyo ndiye anioshe nikifa. Nilimsubiri mpaka watu wakasema mwili hauwezi kungoja zaidi. Nikaoshewa mama yangu na majirani.

Ameandika kwa Kirundi chake, kwa simu ya mjukuu: "Amahoro, mwana wanje. Nimefika stendi ya Kasulu. Nielekezeni kwenu." Kisha: "Mwanangu, nipo kwenye benchi." Kisha: "Basi la kurudi linaondoka. Mmenikataa?"

Nikatazama nje, benchi lipo pale pale. Nikamgeukia rafiki yangu. "Posti ikijificha, inapita kwa nani kwanza?"

Akajifanya anapanga karatasi.

"Nakuuliza wewe!"

"Kwangu," akasema. "Niliziona. Lakini ningeachia yako, wangesema napendelea Warundi."

Alisema Warundi. Usoni kwangu, na ugali wa mama alishakula. Nililia kwa hasira pale mlangoni, na wateja wake wakanipisha wakaendelea kutoa kopi.

Kesho yake nikapanda basi la Kibondo. Njia nzima nilikuwa najipanga nitakavyomweleza bibi wa watu mambo ya posti na mipangilio, na kila nikijaribu yanasikika kama uongo. Nilimkuta uani anapepeta maharage. Mwanamke huyu tangu ananibeba hajawahi kunisemesha Kiswahili, hata akinigombeza.

Nikapiga magoti. "Amahoro, mama."

Akaweka ungo chini, akavuta kigoda, akakifuta vumbi kwa ncha ya kitenge.

"Karibu, mgeni," akaniambia kwa Kiswahili. "Kaa."