Msomaji Hapukuchui

Mahindi makavu yana harufu yake, na karatasi iliyotoka kuchapishwa ina yake, lakini mimi nilizijua zikiwa pamoja na mpaka leo siwezi kuzitenganisha. Kila Desemba shule zilipofungwa nilipelekwa Tongaren kwa nyanya yetu, tuliyemwita Kukhu kama Wabukusu wanavyomwita bibi, na huko kazi ilikuwa moja tu, kupukuchua. Mahindi yalimwagwa juu ya turubai katikati ya ua, nasi wajukuu tukayazunguka, vumbi puani, vidole gumba vikiwaka moto. Kukhu alikuwa na sheria nyingi, lakini moja niliipenda kupita zote: msomaji hapukuchui. Anayesoma kwa sauti hadi wote wakasikia amefanya kazi kama wengine, na hakuna wa kumsumbua. Na msomaji, bila kujisifu sana, nilikuwa mimi.

Tulichosoma kilikuwa katuni. Baba alikuwa karani mjini Kitale, na kila mwisho wa mwezi alipitia kwa muuza magazeti karibu na stendi akaninunulia toleo jipya la Shangazi Radi. Huyu Shangazi Radi alikuwa mama mnene mwenye gambuti na koti refu, anayewafukuza wezi wa mahindi kwa trekta, na nilimpenda kama ndugu wa damu. Jina tu jaladani lilikuwa la rangi, kwingine kote kulikuwa nyeusi na nyeupe tupu, na wino ulibaki vidoleni. Sikusoma hivi hivi. Wezi niliwapa sauti ya puani, trekta nikaingurumisha mwenyewe, na Sheng ya vijana wa Nairobi niligeuza papo hapo kuwa Kibukusu ili Kukhu asipitwe. Kukhu hakujua kusoma, ila alikaa mkabala nami akitazama picha zikiwa kichwa chini miguu juu, na nikiruka hata kisanduku kimoja cha picha ananishika.

Mwaka ninaousimulia, toleo la Novemba lilituacha pabaya. Wezi walikuwa wamemtumbukiza Shangazi Radi ndani ya ghala refu la bati, wakafungulia mahindi yammiminikie kutoka juu. Kisanduku cha mwisho kilionyesha kichwa chake tu, mahindi yamefika kidevuni. Basi, hapo hapo, mwisho wa toleo. Tulikaribia kuchanganyikiwa. Tulibishana tukipukuchua, tukabishana tukila, tukabishana mtoni. Kukhu alishikilia kwamba mama mnene kama yule hawezi kuzama, atapanda juu pamoja na mahindi. Baba alikuwa ameahidi kuleta toleo jipya Jumamosi, na nilishaanza kufanya mazoezi ya sauti nikiwa chooni.

Simiyu aliwasili kabla ya Jumamosi hiyo. Huyu ni mtoto wa shangazi yangu wa Bungoma mjini, rika langu kabisa, na kwapani alikuwa na tableti aliyonunuliwa kwa kufaulu mtihani. Hata salamu hakumaliza. Alisema toleo jipya la Shangazi Radi limo humo ndani, limeshatoka mtandaoni, na yeye amelisoma hadi mwisho. Wajukuu wote waliacha mahindi wakamrukia. Mimi nilibaki nimekaa na kitabu cha mwezi uliopita mapajani. Kama katuni zinakuja zenyewe kwenye kioo, na kila mtu anaweza kuziona, mimi ni nani tena hapo uani? Ni mpukuchuaji tu.

Kilichoniokoa kwanza ni jua. Lile jua la saa sita la Tongaren lilipiga kioo, na kila aliyeinama kutazama alijiona yeye mwenyewe, meno na vumbi la mahindi mashavuni. Wakajaribu kujifunika sweta, haikusaidia. Ndipo mmoja wao, sitamtaja kwa kuwa leo ni mtu mzima anayeheshimika huko Saboti, akatoa wazo la turubai la pili, lile lililokunjwa kando kungojea kufunika mahindi mvua ikija. Waliliburuta hadi nyuma ya jiko, wakalitundika kwenye miti ya kuanikia nguo, wakaingia chini yake wote. Nikasikia vicheko, kisha mtu akavuta pumzi kwa mshangao. Niliapa sitaingia. Nikaapa tena. Halafu nikajikuta natambaa kwa magoti.

Jamani, rangi! Koti la Shangazi Radi lilikuwa la manjano iliyoiva, na mimi miaka yote nililiona jeusi hata ndani ya akili yangu. Simiyu aligusa, kisanduku kimoja kikajaza kioo kizima, na mahindi yakawa makubwa kama mayai yakimwangukia usoni. Giza, joto, jasho la watoto waliobanana, na ile nuru katikati yetu. Nilifurahi mpaka nikasahau kwamba nimekasirika. Simiyu alifunua kurasa haraka mno, wadogo wakilia kwamba hawajamaliza maneno, lakini hakuna aliyetoka.

Tulikuwa tumebakiza kurasa chache tuliposikia Kukhu akiita. Mvua ilikuwa imeshuka kutoka upande wa Mlima Elgon bila kupiga hodi, na turubai la kufunikia mahindi lilikuwa juu ya vichwa vyetu. Tuliling'oa, tukakimbia nalo huku tunajikwaa, wengine wakikumbatia mahindi kwa mikono kama watoto wachanga. Tulichelewa. Nusu ya rundo ilikuwa imelowa. Kukhu hakutuchapa. Alifuta tableti kwa pindo la leso, akaifungia kabatini, akaongea polepole.

"Mahindi imenyeshewa juu ya hii kitu. Itatoka siku mahindi itakauka."

Sasa ikabaki kwamba mwisho wa hadithi ulikuwa kabatini na ndani ya kichwa cha Simiyu. Watoto walimzunguka wakimbembeleza aseme. Sentensi moja tu ingetosha, na Jumamosi yangu ingekwisha. Nilimvuta kando ya zizi nikamwomba. Sikumdanganya, nilimwambia kwamba akisema, mimi sina kingine cha kufanya uani pale, na kwamba ni afadhali anipige. Alikuna kichwa, akanitazama kama anayepima uzito wa kitu.

"Sawa, nitanyamaza. Lakini milio nifanye mimi. Si wewe hufanya trekta kama cherehani, bana."

Iliniuma, kwa sababu ilikuwa kweli. Nikakubali. Na kwa siku zilizofuata Simiyu alinyamaza, ingawa ulimwona kabisa ule mwisho ukimwasha mdomoni.

Jumamosi Baba alishuka kwenye bodaboda, kitabu kikiwa ndani ya shati lake kisikunjike. Nilikibusu, nikakinusa, kisha nikakaa mahali pangu. Ua ulitulia, mikono tu ndiyo ilisikika. Nilisoma kama sijawahi kusoma. Simiyu akiwa kando yangu alingurumisha trekta hadi kuku wakakimbia, na nilikiri moyoni kwamba anajua. Mahindi yakampanda Shangazi Radi mdomoni, puani. Akaacha kupigana. Akavua gambuti moja chini kwa chini, akauinua mkono wake juu ya mahindi, na kwa kisigino cha gambuti akaanza kugonga ukuta wa bati ili kijiji kisikie. Nikageukia upande wa Simiyu aweke mlio. Nikamtazama. Alikuwa amekodoa macho, hindi mkononi halipukuchuliwi, mdomo wazi.

Ni Kukhu aliyeuweka ule mlio. Alinyakua debe tupu la kupimia mahindi, akaligonga kwa gunzi, mara moja, kisha tena, na tena. Ua mzima ukalipuka. Kila mtu akagonga alichoshika, sufuria, jembe, mlango wa ghala, hata Baba na viatu vyake vya ofisini, na mimi nikasoma kurasa za mwisho kwa kupiga kelele juu ya kelele zote hizo hadi kijiji cha Shangazi Radi kilipokuja kumtoa. Majirani walifika mbio wakidhani tumevamiwa na nyuki. Tulicheka mpaka tukaumwa mbavu.

Jioni nilimuuliza Simiyu kwa nini alisahau mlio wake, na yeye ndiye pekee aliyeujua mwisho.

"Nilikuwa nimeisoma," akasema. "Lakini sikuwa nimeisikia."

Siku hizi nakaa Kitale, na katuni nasoma kwa simu kama kila mtu. Sitaki kudanganya watu kwamba karatasi ilikuwa bora. Nina matoleo mengi mfukoni kuliko aliyowahi kuwa nayo muuza magazeti yule, rangi bado hunishtua, na nikikuza kisanduku naona hata alivyochorwa kila mshono wa koti. Tongaren mashine ya kupukuchua huja na kelele zake, kazi inaisha kabla ya chai, na hakuna mtoto anayepata malengelenge, nami nashukuru.

Desemba iliyopita nilikuwa Bungoma kwa Simiyu. Binti yake Nekesa alikaa kwenye kochi karibu nami, akicheka peke yake na simu. Nikamwuliza anacheka nini. Akasema ni katuni, anitumie linki. Akanitumia, nami niko pale pale bega kwa bega naye. Nikafungua, nikaanza, na baada ya kurasa kadhaa nikacheka kwa sauti. Aliinua kichwa haraka.

"Umefika wapi, aunti?"

Nikamwonyesha. Macho yake yaliwaka, akasema hapo ni kidogo tu, ngoja uone mbele, halafu akarudi nyuma kwenye simu yake hadi ukurasa niliofika mimi. Akaegemea bega langu.

"Usipite. Tuende pamoja."

Tongaren, ukimtoa Simiyu na tableti yake, hakuna aliyeweza kumtangulia mwenzake, kwa sababu ukurasa ulikuwa mmoja na sauti ilikuwa moja. Hapa mtoto alikuwa ameshafika mbali, na hakuna kilichomlazimisha kurudi. Nilimaliza maneno ya ukurasa ule, kidole kikiwa tayari juu ya kioo, nikamngoja.