Swali la Tatu kwa Kaka

Saa tatu asubuhi, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja anavaa visikizio na kufungua orodha ya watu wanaotaka kurudi mezani. Meza yenyewe haina miguu: ni poka ya mtandaoni, karata za kuchezea pesa, na yeye ni mhudumu wa wateja. Wenzake humwita Maji ya Mtungi, maana matusi ya wateja hayampashi moto.

Leo anatazama saa kila dakika. Saa nne anaitwa kwa msimamizi, na huenda asirudi kwenye kiti hiki kinachowalipia wanawe wawili ada.

Kazi yake ni kuwapigia watu waliojifungia akaunti wenyewe ili waache kucheza, kisha wakaomba zifunguliwe. Huwauliza maswali matatu. Wakijibu, anafungua. Kwa siku hupiga simu kama arobaini.

“Zamani mcheza karata, mkewe alijua pa kumfuata,” anasema. “Siku hizi mtu amekaa sebuleni na wanawe, kumbe yuko mezani.”

Juzi, jina la kumi na mbili lilikuwa la kaka yake mkubwa, fundi bomba aliyestaafu mwezi uliopita na kupewa kiinua mgongo. Ndiye aliyemsomesha baada ya baba yao kufariki. Kumbe alijifungia akaunti miezi sita nyuma, na sasa pesa imeingia. Naye kaka hakujua mdogo wake yuko hapa. Ndugu wote waliambiwa yuko benki.

Kanuni inataka jina la ndugu lipelekwe kwa mhudumu mwingine.

“Mwenzangu angemfungulia kwa dakika mbili, jasho la miaka yote liende na maji. Nikapiga mwenyewe.”

Alibana sauti asitambulike. Kaka akajibu la kwanza, akajibu la pili. Likabaki la tatu: nyumbani kuna anayejua kwamba unacheza?

“Hakuna,” kaka alisema.

“Sasa yupo, kaka.”

Simu ikakatwa. Tangu hapo kaka hapokei simu zake. Mhudumu aliiacha akaunti imefungwa ingawa kaka alijibu yote matatu, na hilo ndilo analoitiwa.

“Naona aibu, mdogo kumuumbua mkubwa wake. Na mimi mwenyewe mwongo.”

Anavua visikizio, saa nne imefika. Afukuzwe asifukuzwe, mchana atakwenda kugonga mlango wa kaka.

“Nitamwambia sijawahi kuwa benki. Halafu anigombeze. Nitakaa pale mpaka anigombeze.”