Dengu Zilizoiva Ibadakuli

Nilipoiuma dengu ya kwanza nilidhani nimetia kinywani kipande cha kiazi. Ilipasuka kwa ulimi tu. Nikachukua ya pili, nikaibonyeza kwa vidole kabla ya kuila, ikawa uji. Niliweka sahani chini, nikamtazama mama wa mkamwana wangu, aliyekuwa amekaa mkekani na mjukuu wetu mchanga mapajani.

"Umepika wewe?" nikamuuliza.

"Mimi mkono mmoja una mtoto, mwingine una fimbo ya kufukuzia kuku. Kapika mkamwana wako huyo. Alizibandika alipomaliza kufagia uwanja."

Alipomaliza kufagia, na jua lilikuwa bado halijafika utosini. Dengu zenyewe zilikuwa zangu. Nilizilima kwenye mbuga yangu ya udongo mweusi baada ya kuvuna mpunga, nikazituma pale kwao Ibadakuli wiki iliyotangulia. Dengu hizohizo, kwa mikono hiyohiyo, nyumbani kwangu zilichemka kutwa nzima na jioni zikagonga meno kama kokoto.

Nilichokuwa nimefuata pale hakikuwa kumwona mjukuu, ingawa ndivyo nilivyoaga kijijini. Nilikwenda kusema kwamba mkamwana asirudi kwangu.

Mwanangu anachimba dhahabu Rwamgasa na huja nyumbani mfuko unaporuhusu. Alipooa alimleta mkewe kwangu, mimi mgane, anitunze mpaka yeye atulie. Binti alikuja na heshima zote. Kwetu mkamwana hakai kubishana na baba mkwe. Anainamisha macho na kuitika. Lakini dengu hazikuiva. Choroko hazikuiva. Chai yake ilikuwa na utando juu kama maziwa yaliyolala. Shati langu jeupe la kuendea misa lilianza kuwa na rangi ya majivu, na sabuni ilikwisha kana kwamba kuna mtu anaila.

Mara moja tu alithubutu kusema. Alikuwa anafua, mimi napita. "Baba, haya maji yanaikataa sabuni."

"Maji hayo yamepimwa," nikamjibu. "Yako salama kuliko uliyokulia."

Nikaamini sabuni yangu anaigawa kwa majirani, nikamkataza kutoka uani. Aliitika, "Ndiyo, baba," na hakutoka tena.

Alipokwenda kwao kujifungua, nilimpigia mwanangu simu. Nikamwambia mkewe hajui jiko, hajui kufua, na mkono wake si mwaminifu. Akasema, "Wewe ndiye unayekaa naye, baba. Utakavyoona." Basi nikaona nimepewa rungu.

Sasa rungu hilo lilikuwa mkononi, na dengu laini zilikuwa kinywani.

Niliomba maji ya kunawa. Mkamwana akaja na kopo, beseni na kipande cha sabuni, akapiga magoti, akanimiminia. Povu likajaa viganja vyangu, likapanda mpaka kwenye vifundo. Nikasugua, likazidi. Nyumbani sabuni hiyo ingeganda vidoleni kama maziwa ya mgando. Nilibaki nimeshika povu kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa watu.

"Maji gani haya?" nikauliza.

"Ya bomba," mama yake akasema. "Ya ziwa. Kwani kwenu mnanawa nini?"

Hapo ndipo nilipoacha kusugua, kwa sababu bomba la kwetu nililileta mimi.

Maji ya ziwa bado hayajatufikia. Nilipokuwa mwenyekiti wa kamati ya maji tulichimbiwa kisima kirefu, likajengwa tangi, na mabomba yakaingia uani kwa waliomudu. Wataalamu walipima, wakasema maji ni salama kwa kunywa. Na kweli ni salama. Hakuna mtoto aliyeugua tumbo kwa sababu yake. Lakini mimi niliposikia "salama" nilisikia "mazuri kwa kila kitu", na hilo hawakulisema. Birika zetu zikaota ukoko mweupe ndani. Mwanangu alinitania, "Baba, tuubandue tukauoshe mwaloni, kule machimboni, huenda una dhahabu." Nami nikajivuna kwamba maji yetu yana madini.

Wiki ile bomba lilipofunguliwa nilipanda juu ya nyumba nikang'oa mifereji ya bati na kulitupa nje pipa la mvua. Nyumba ya mwenyekiti wa maji haiwezi kuonekana inakinga mvua. Marehemu mke wangu alisimama chini ya ngazi. "Mzee wangu," akasema, "maji yako ni ya kunywa. Hayapiki." Nilicheka nikiwa juu kule. Na dengu zake ziliendelea kuiva vizuri tu mpaka alipofariki. Nilikuwa nikiwakaribisha wageni, nawaambia waonje chakula kilichopikwa kwa maji ya bomba letu.

Yote hayo yalinipitia mikono ikidondosha povu. Mkamwana alikuwa bado amepiga magoti, macho chini.

"Baba," akasema kwa sauti ya chini, "zilipoiva nilishtuka. Nilidhani mikono yangu imeharibika tangu niolewe."

Mama yake alimkabidhi mtoto, akamwambia aende ndani. Kisha akanigeukia. "Haya, mkwe. Sasa sema ulichokuja nacho."

"Nimekuja kumwona mjukuu."

"Umeshamwona. Mzee hatumii watu dengu mbichi bila neno ndani yake."

Ningeweza kudanganya. Nikasema, "Nilikuja kumwacha hapa."

Hakupaza sauti. Alifukuza kuku kwanza. "Tulijua. Basi atakaa. Siku nyumba yako itakapokuwa na maji ya kupikia, utatuambia. Na usitume mtu."

Nilirudi kwa pikipiki, na njia nzima swali lilikuwa moja: kama bomba langu haliivishi dengu, marehemu alikuwa anaivishia nini? Sikuingia kwangu. Nilikwenda moja kwa moja kwa jirani, bibi kizee aliyekuwa shoga yake, nikamkuta anapepeta mtama.

"Mayu, mama yangu, marehemu alikuwa anapikia maji gani?"

Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. "Pipa ulilolitupa, ulidhani liliota miguu?"

"Liko wapi?"

"Nyuma ya nyumba yangu, chini ya mfereji wangu. Wewe ukitoka kwenda kwenye kikao cha maji, yeye huku na ndoo. Mvua zikikata, anakwenda lamboni."

Nilikaa chini, kwenye mavumbi ya mtama. "Miaka yote hiyo hukuniambia?"

"Alinikataza. Alisema, mwache mzee na bomba lake, limempa heshima."

"Na mkamwana wangu? Huyu naye ungemwambia."

Kicheko kikamtoka usoni. "Ningemwambia wapi, ng'wanawane, mwanangu? Ulimfungia uani. Nilikuja mara mbili, akaniongelesha akiwa nyuma ya lango kama mfungwa. Nikajua sitakiwi."

Niliinuka, nikaenda nyuma ya nyumba yake kulitazama pipa.

Kesho yake niliweka ngazi. Miguu yangu si ya ngazi tena, lakini sikutaka fundi. Mifereji niliyoing'oa ilikuwa imetoboka kwa kutu, nikanunua mipya, nikaifunga upande wa barabarani, mahali ambapo kila anayekwenda kuchota maji ataiona. Wakaona.

"Mwenyekiti, bomba limekauka?" mmoja akaniuliza.

"Halijakauka. Lina maji magumu."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza."

Alisimama na ndoo yake, akasubiri nicheke. Kisha akaniambia polepole kwamba mkewe hulia na maharage kila wiki, na yeye alishampiga kwa ajili hiyo. Nilishikilia ngazi. Ilikuwa haijanijia kwamba kosa langu lilikuwa limeingia kwenye nyumba nyingine pia.

Pipa nililirudisha kwa kulibingirisha, jirani akinifuata nyuma na kunielekeza kama dereva wa lori. Mvua ya kwanza nikaiacha ioshe bati. Ya pili ikajaza. Nikaloweka dengu, asubuhi nikabandika mwenyewe, nikakaa karibu na moto kama mtu anayesubiri hukumu. Nilipobonyeza moja ikawa uji, niliacha mwiko chunguni nikatafuta simu. Akapokea mama yake.

"Zimeiva," nikasema.

"Kapika nani?"

"Mimi."

Nikasikia watu wakicheka mbali na simu, na mtoto akilia. "Ngoja nimpe mwenyewe."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, na yote yalinikimbia. "Ni maji. Si mikono yako. Nimekukosea, na nitamwambia mumeo hivyohivyo."

Huku kwangu chungu kilikuwa kinaendelea kutokota.

"Baba," akasema, "epua kabla hazijasagika. Na usizimalize, utubakizie."