Tulitembea Baharini kwa Miguu

Mjukuu wangu alitubishwa mbele ya watoto wenzake kwa kosa la kusema kweli, na hata leo nikiikumbuka Jumapili ile hasira hunipanda. Mimi ni mtu wa kushukuru. Nimemzika mume, nimeona mahindi yakikauka shambani, na bado sikumnung'unikia Mungu. Lakini hasira hii sikuitafuta. Ilinikuta jikoni nikimenya viazi.

Nilizaliwa Pwani, nikaolewa na mtu wa bara aliyenileta huku Eldoret. Nyumba yetu iko Kapseret, penye ng'ombe na mahindi. Ninaishi na mjukuu wangu, msichana wa miaka minane, ambaye hajawahi kuiona bahari. Hivyo nimempa bahari kwa maneno. Jioni tukipukuchua mahindi, yeye hutazama mwezi na kuniuliza, "Bibi, kesho maji yatatoka?" Mwezi ukiwa mpevu humwambia ndiyo, hii ni bamvua, bahari itarudi nyuma sana, na kesho asubuhi wanawake wa kwetu watashuka pwani.

Siku kama hizo sakafu ya bahari hubaki wazi hadi kwenye mwamba. Nilipokuwa mdogo mama yangu alinifunga leso kiunoni, tukavaa viatu vikuukuu kwa ajili ya miiba ya baharini, tukatembea pale pale ambapo alfajiri mashua zilikuwa zimepita. Tulitafuta pweza. Shimo lake hujulikana kwa maganda ya kaa aliowala na kuyatupa nje.

"Kumbe ni mchafu," mjukuu wangu alisema nilipomweleza.

"Kama wewe na maganda ya miwa," nikamjibu, na tukacheka sana.

Nilimfundisha jinsi pweza anavyopigwa juu ya jiwe mpaka alainike, na jinsi mama alivyokuwa akiinua kichwa kila mara kuangalia maji, kwa sababu anayeinama muda mrefu husahau kwamba bahari itarudi. Hayo yalikuwa maisha yetu ya kila siku. Hayakuwa muujiza.

Jumapili ile mwalimu wa watoto kanisani, binti mmoja mwenye bidii, alifundisha habari za Bwana Yesu kutembea juu ya maji. Mjukuu wangu akainua mkono. Akasema hata bibi yake alikuwa akitembea katikati ya bahari na mama yake, wakitafuta pweza. Watoto walicheka. Mwalimu hakucheka. Alimwambia huko ni kukufuru, akamsimamisha mbele, akamwamuru aombe msamaha kwa uongo na kwa kumlinganisha bibi yake na Bwana. Mtoto akaomba. Walipotoka, wenzake wakamsukuma hadi kwenye dimbwi la barabarani. "Mtume, tembea basi tuone."

Alifika nyumbani viatu vimejaa matope. Alinieleza yote bila kulia, kisha akasema, "Bibi, si useme tu mlikuwa mnatembea kando ya bahari? Hapo hakuna mtu atauliza."

Niliweka kisu kando ya viazi. Nimesikia ushauri wa namna hiyo kutoka kwa watu wazima waoga, lakini huyu ni mtoto, na aliyemfundisha kuikata kweli ili itoshe kwenye masikio ya watu alifanya hivyo kwa jina la Mungu ninayemwabudu. Jioni hiyo mwezi ulitoka juu ya mahindi. Mjukuu wangu hakuuliza kama maji yatatoka.

Katikati ya wiki mwalimu alikuja, amesikia kwamba nimeumia.

"Pole Mama. Mimi sikujua mambo ya huko Coast. Nilidhani tu hii mtoto anacheza na Neno."

"Sasa umejua."

"Eeh, nimejua. Tuyaache tu hapo, Mama. Watoto husahau."

"Basi waambie wenzake."

Alizungusha kikombe. "Nikijirudi mbele ya wale watoto si wataniona mjinga? Hawatanisikia tena."

"Na yeye wamemwonaje?"

Alimaliza chai yake. Nilimwongezea chai kwa sababu mgeni ni mgeni, lakini neno alilolijia sikumpa. Nimefundisha wakatekumeni, wale wanaojiandaa kubatizwa, miaka mingi kwamba msamaha haungoji. Wiki ile Sala ya Bwana niliikatiza kila nilipofika mahali pa kusamehe, na sikujifanya kwamba nimeimaliza.

Jumapili iliyofuata sikuingia ibada ya wakubwa. Nilimshika mjukuu wangu mkono, tukaenda kwenye chumba cha mabati wanapofundishwa watoto, nikaketi kwenye benchi lao fupi, magoti karibu na kidevu. Mwalimu aliniona akaweka Biblia chini.

"Alisimamishwa hapa," nikamwambia. "Asafishwe jina hapa."

Nilisema kwa upole, lakini sikukusudia upole. Aliwageukia watoto akasema haraka haraka, "Ile Jumapili nilisema huyu amedanganya. Hakudanganya. Mimi ndiye sikujua. Bahari hukauka."

Watoto wakaguna. Msichana mmoja wa mbele akauliza, "Inakauka yote? Na samaki wanaenda wapi?"

Mwalimu akanitazama. Jibu lilikuwa mdomoni mwangu, nikalimeza, nikamwangalia mjukuu wangu. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani tumechelewa.

"Haikauki yote," akasema mwishowe, kwa sauti ndogo. "Inarudi nyuma. Samaki wadogo wanabaki kwa vishimo. Maji ya hapo huwa na joto, kama ya kuoga."

"Kwani wewe uliyagusa?" mwenzake akamchokoza.

"Bibi ndiye aliyagusa," akasema, akainua uso. "Mimi nimeambiwa."